Mashine Yenye Moto Haiachwi

Wenzangu mliokulia nyumba za reli pale Nsambya, Kampala, miaka ile bunduki zilipokuwa zimenyamaza lakini kuta bado zina matundu, sijui kama nanyi huamka alfajiri mkasikia harufu ile ya masizi, mafuta mazito na uji wa unga wa njano. Mimi huisikia hadi leo. Ninaishi Bugolobi, ghorofa ya tatu, jirani zangu wote wanapikia gesi, na bado siku nyingine naamka nikidhani baba amerudi kazini na kuvua kofia mlangoni. Watoto wangu husema nazeeka. Huenda wanasema kweli.

Nyumba zile tuliziita landi. Chumba kimoja na jiko dogo nyuma, mlango kwa mlango, bomba moja la maji kwa nyumba kumi. Kwenye foleni ya maji ungesikia Kiluhya, Kijaluo, Kiacholi, Kiganda, na Kiswahili cha kila aina, kila mtu akikivunja anavyojua. Tulicheza kwepena kwa mpira wa magome ya mgomba yaliyosokotwa, na aliyelengwa akipigwa mgongoni alilia na kucheka kwa pamoja. Bao tulilichimba chini, na kete zetu zilikuwa maganda ya risasi, kwa maana hayo yalijaa tele kuliko kokoto. Leo mwanangu akichubuka goti anataka apelekwe hospitali kupigwa picha ya mfupa. Sisi tulipakwa mafuta ya taa, kisha tukachapwa kwa kosa la kuchana gauni. Mama yangu alikuwa na msemo wake kwa mtoto aliyelia kwa kiboko: "Kwenye landi inalia filimbi peke yake. Wewe nyamaza."

Tulikula posho, ugali wa kule, na maharage siku sita za juma. Jumapili, baada ya kanisa, mama alituletea samaki wa Ggaba, na baba alipewa kichwa. Alikifyonza taratibu, macho yakiwa dirishani. Tulijua anakowaza. Mama alijua zaidi.

Baba aliitwa Makokha, na kazi yake ilikuwa faiamani. Vijana wa leo nikiwaambia neno hilo wananitazama tu. Kwenye garimoshi la zamani dereva aliangalia njia, na faiamani aliangalia moto na maji. Dereva alipata sifa, faiamani alipata malengelenge. Baba alitoka kwao Butere, Kenya, akiwa kijana, akapewa mashine moja na dereva mmoja, na enzi hizo mashine haikuchanganywa watu. Mkipewa ni yenu. Mnaisugua shaba, mnajua kikohozi chake, na mwingine akiipanda bila ruhusa mnanuniana mwezi mzima.

Jumuiya ilipovunjika na mali ikagawanywa, Wakenya wengi wa reli walifunga mizigo wakarudi kwao. Dereva wake alirudi. Baba hakurudi, kwa sababu mashine yake ilibaki upande huu wa mpaka wa Malaba. Hiyo ndiyo sababu, sina nyingine ya kuwapa. Mama alikuwa akisimulia habari hiyo midomo ameibana: "Wenzangu wana wake wenza wenye miguu. Wangu ana magurudumu." Akicheka, anacheka peke yake.

Baadaye kukaja injini za dizeli, na mashine ya baba ikasukumwa pembeni kwenye majani. Vita vikapita juu yake. Baba alipewa kazi ya kuosha mabehewa, lakini kila Jumamosi alichukua kitambaa na mafuta yaliyotumika akaenda kuipaka isiliwe na kutu. Mama alitafuta beseni lake kubwa la kufulia wiki nzima, akaulizia majirani mpaka akakaribia kugombana nao. Lilikuwa juu ya bomba la moshi la mashine, kuzuia mvua. Baba alipoulizwa alijibu, "Ataingiwa na maji kifuani." Hakuwahi kuiita mashine "ile". Kwake ilikuwa "yeye": amelala, ana baridi, amechoka.

Nilipotimiza miaka kumi, kiwanda kimoja cha sabuni kule bondeni chini ya Bugolobi kilifunguliwa tena. Boila yao ilikuwa imeharibika wakati wa vita na vipuri havikupatikana. Mtu fulani akakumbuka kwamba garimoshi nalo ni boila, tofauti yake ni magurudumu. Basi ikakodishwa. Injini ya dizeli iliikokota hadi kwenye reli ya kiwanda, mafundi wakaitilia wavu wa chuma tanurini ili iweze kula kuni badala ya mafuta, wakaiunganisha kwa bomba nene na mapipa ya kuchemshia sabuni. Baba akaazimwa pamoja nayo.

Siku ya kuwasha nilikuwepo. Moto uliwashwa asubuhi, na hadi saa nane hakukuwa na kitu ila moshi na wafanyakazi waliokaa kivulini wakimcheka mzee. Baba alikuwa ameweka kiganja chake ubavuni mwa mashine, kama mtu anayempima mtoto homa. Halafu kwa ndani kikasikika kitu kama mtu anayevuta pumzi, na mshale wa kipimo ukaondoka kwenye sifuri. Baba akanigeukia. "Ameamka," akasema. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Nilimwonea aibu siku hiyo, Mungu anisamehe, kwa sababu watu walikuwa wanatazama.

Iliamka lakini haikuenda popote. Hilo lilimsononesha baba kila siku. Mashine iliyovuta mabehewa ya kahawa na pamba hadi Malaba ilikuwa imefungwa mawe chini ya magurudumu, inachemsha mafuta ya sabuni. Jioni alipofunga kazi alikaa upande wa dereva, mkono dirishani, anatazama ukuta wa kiwanda.

Wakati wa likizo nilimpelekea chakula, na nikawa nakaa huko mchana kutwa. Alinifundisha. Mama alisema msichana hana haja na masizi, lakini baba hakuwa na mtoto mwingine wa kumfundisha, na wanaume wa kiwandani hawakutaka kujua. Kubwa alilonifundisha ni kioo cha maji. Ni bomba jembamba la kioo lililosimama mbele ya macho, na maji ya ndani ya boila huonekana humo. Yakiwa nusu, unaona mstari wake ukichezacheza. Hatari iko hapa: yakijaa kupita kioo, mstari huuoni. Yakipungua chini ya kioo, mstari huuoni vilevile. Kioo kilichojaa pomoni na kioo kitupu vinafanana kabisa, vyote vyeupe. "Usipoona mstari, usiseme neno," baba alisema. "Fungua koki ya chini, kipulize, ndipo utajua." Juu ya tanuri kulikuwa na plagi, kizibo cha madini laini ya risasi. Maji yakiisha, risasi inayeyuka, mvuke unashuka na kuzima moto kabla boila haijapasuka. Faiamani aliyeyeyusha plagi alikuwa kama mwanamke aliyeunguza chakula cha arusi. Watu hawakusahau. Baba hakuwahi kuyeyusha hata moja.

Aliyepasua kuni na kulisha tanuri alikuwa Kasule, mtu wa Bwaise, mrefu, mwenye pengo la jino la mbele na kicheko kikubwa. Mvua zikinyesha, Bwaise ikijaa maji, alikuja amekunja suruali magotini, amebeba mkeka na madaftari ya watoto wake yaliyolowa. Aliyaanika ubavuni mwa boila palipo na joto. Baba alinung'unika kwamba mashine si kamba ya nguo, lakini alikuwa akiyageuza mwenyewe ili yakauke pande zote. Kasule aliniita "toto ya mzee" na kunigawia gonja, ndizi tamu ya kuchoma. Kila nilipokuwa huko tulikula sinia moja, sisi watatu, karibu mwaka mzima.

Nakuja kwenye siku yenyewe. Nimeizunguka vya kutosha.

Likizo ya mwisho wa mwaka, walikuja wanaume wawili wenye tai kutoka reli. Habari ilikuwa imeenea kwa wiki kadhaa: dizeli nyingi zimekufa, na wanatafuta mashine yoyote nzima ya kusukuma mabehewa stesheni. Baba alikuwa hajalala siku mbili. Karani akaja kumwita: wageni wako kwa meneja, wanamtaka faiamani. Alivaa kofia yake, akajifuta uso kwa kitambaa cha mashine, akabaki na doa jeusi shavuni. Nilitaka kumwambia, nikaona anaondoka akicheka, nikaacha.

Miaka yote alikuwa akisema mashine yenye moto haiachwi, hata kwa mazishi. Siku hiyo aliiacha. Alimwambia Kasule, "Dakika kumi na tano. Usipunguze kuni, wanapika sabuni. Uangalie maji, yakishuka hapa uje mbio." Akamwonyesha kwa kidole. Kasule akaitikia, "Eeh, mzee, enda tu."

Dakika kumi na tano zikawa saa nzima, ikapita. Baadaye tulijua kwamba wageni waliagiza chai, wakamuuliza baba habari za mashine, na baba, ambaye nyumbani alitoa maneno kumi kwa siku, alifunguka. Walikubali. Walisema mwezi ujao itatolewa pale irudi njiani, na yeye ndiye ataiendesha, si kulisha moto tena. Alikuwa anakunywa kikombe cha pili.

Mimi nilikuwa chini nacheza na mabinti wa mlinzi. Kasule akaniita. "Toto ya mzee, kuja uone hii kioo. Mimi naona kama haina kitu. Maji iko ama haiko?"

Nilipanda. Kioo kilikuwa cheupe, hakina mstari. Koki ya chini ilikuwa ya moto na kitambaa baba alikwenda nacho. Wale mabinti walikuwa wananitazama kutoka chini, na mtu mzima alikuwa ananiuliza mimi, mtoto wa faiamani, kitu asichokijua. Nilijua la kufanya. Nataka mlielewe hilo, nilijua. Nikasema, "Imejaa."

"Imejaa?"

"Imejaa mpaka juu."

Kasule akashusha pumzi akacheka, akatupa kuni nyingine tano. Nilibaki pale juu nikijidai. Sijui ilichukua muda gani. Nakumbuka mlio kama shuka kubwa inayopasuliwa, halafu mlango wa tanuri ukafunguka wenyewe na weupe wa mvuke ukatoka. Kasule alinishika gauni mgongoni akanitupa nje kama gunia, nikaangukia kwenye rundo la makapi ya kahawa ya kuwashia moto. Yeye alitoka baadaye. Mikono yake, kutoka kwenye viwiko kuja chini, ilikuwa imebadilika rangi.

Baba alitoka ofisini akikimbia. Alipita kwangu, akapita kwa Kasule, akaenda kwenye mashine. Ninamwelewa sasa kuliko wakati ule, lakini nimeeleza kama ilivyokuwa. Kwanza alikwenda kwenye mashine.

Wakaguzi walipoingia tanurini baada ya kupoa, walikuta dari yake imepinda. Kuinyoosha kungehitaji karakana ambayo nchi nzima haikuwa nayo tena. Wageni wa tai hawakurudi. Kiwandani waliuliza nani alikuwa kwenye moto, na jibu lilikuwa Kasule. Akapigwa kalamu akiwa bado hospitalini.

Alikuja kwetu landi jioni moja, jua halijazama, mikono yote miwili imefungwa bendeji. Hakuweza kubisha hodi kwa mkono, aliita. Baba alisimama mlangoni, hakumkaribisha ndani. Kasule hakuja kugombana. "Mzee, mimi nina watoto nne. Ongea na meneja. Mimi niliangalia kioo. Mimi sikuelewa, niliuliza toto. Toto alisema imejaa. Muulize."

Baba akaniita. Nilikuwa nimekaa jikoni, nasikia kila neno. Nilipotokea alinitazama, na nikaona uso wake ulivyokwisha kwa siku zile chache. Akaniuliza kwa upole, na upole ule ndio ulionimaliza. "Kasule anasema wewe ndiye ulimwambia maji imejaa. Ulisema?"

Nikasema, "Hapana, baba."

"Hukupanda?"

"Sikupanda."

Kasule alinitazama. Si kwa hasira. Alikuwa kama mtu aliyetegemea ngazi akakuta hakuna. Baba akamwambia, "Umeniulia mashine, sasa unataka kunichafulia mtoto. Mwongo wewe. Toka." Kasule akasema, "Kale, ssebo," yaani haya bwana, akageuka. Majirani walikuwa wamesimama milangoni. Mama alikuwa nyuma yangu, na mkono wake ukanigusa bega, ukakaa hapo. Hakuniuliza kitu usiku ule wala baadaye.

Waliikata mashine pale pale kiwandani kwa gesi. Siku moja kabla, baba alikwenda na ndoo, sabuni na kitambaa. Alitoa majivu yote, akasugua shaba zote, akaosha magurudumu, kila kitu, kama inatoka safari. Vijana wa kukata vyuma walimngoja akamaliza, wakidhani ni kichaa. Kisha alikaa kwenye jiwe akatazama siku nne, hadi kipande cha mwisho kilipopakiwa lorini. Aliporudi alisema, "Wamemaliza," akaomba maji ya kuoga. Mwaka uliofuata tulirudi Butere. Mimi nikarudi Kampala nikiwa mtu mzima, nikafungua duka la nyuzi na vifungo, nikaolewa, nikazaa. Baba hakurudi tena.

Mara kwa mara katika maneno alimtaja Kasule. Akiona fundi mzembe, "Kasule huyo." Akipewa habari asizoziamini, "Maneno ya Kasule." Wajukuu zake walilishika jina hilo wakadhani ni tusi la Kiluhya. Kila nilipolisikia nilipata kazi ya kufanya chumba cha pili.

Alipougua ugonjwa wake wa mwisho nilikwenda kumuuguza. Alasiri moja alikuwa ameketi uani amejifunika blanketi, akili yake nzima, na nikaona nikingoja zaidi nitabaki nalo. Nikamwambia. Nilisema yote: kioo, koki, wale mabinti, uongo wa mlangoni. Nilipiga magoti wakati nasema, mwanamke wa miaka arobaini na ushee.

Baba akauliza, "Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi na mmoja, baba."

"Mimi nilikuwa na arobaini na sita. Mtu wa miaka arobaini na sita anaacha moto anaenda kunywa chai." Akavuta blanketi. "Nilijua kosa ni langu. Nilijua hata siku ile. Lakini nilikuwa na yeye Kasule wa kumtupia." Kisha akanigeukia, na jicho likawa lile la zamani, la mtu anayesoma kipimo. "Umemwambia?"

"Nani?"

"Kasule. Umemwambia kwamba ulidanganya?"

"Bado, baba."

"Basi mbona unaniambia mimi?"

Tulimzika kabla ya mvua.

Nimekwenda Bwaise mara nyingi tangu hapo. Nimeuliza kwenye vibanda, msikitini, kanisani, kwa wazee wa zamani, mtu mrefu mwenye pengo na makovu ya moto mikononi. Mitaro imechimbwa upya, nyumba zimejengwa juu ya nyumba. Watu ni wapya. Wananisikiliza kwa adabu, wananipa kiti, halafu wanatikisa kichwa.

Enzi zetu mtu akihama amehama, unabaki na uso wake tu. Watoto wa leo hawaijui hasara hiyo. Kila waliyesoma naye wanaye mfukoni, wanajua amekula nini mchana, na akinyamaza siku mbili wanamtafuta. Huwa nawacheka kwamba hawajui kucheza bao wala kupanda mti, na kwamba wakikatiwa umeme wanaugua. Juzi nilimsimulia mwanangu mkubwa habari hii nzima, wa kwanza kumsimulia baada ya baba. Hakunihukumu. Alichukua simu yake palepale, akaketi karibu nami, akasema, "Mama, hilo jambo dogo, tutampata, au tutapata hata watoto wake. Nipe jina."

"Kasule," nikasema.

Akaandika. Wakaja Kasule wengi wasiohesabika, vijana kwa wazee, wanacheka kwenye picha. Akangoja kidogo, kidole kimesimama juu ya kioo. "Kasule nani?"

Mwaka mzima tulikula naye sinia moja, na hakuna kati yetu aliyewahi kumuuliza.